Stoo ya kahawa ya babu sasa ni nyumba yetu: uzi mrefu kwa mwenye ghala la zamani kihambani (shamba la nyumbani la ukoo)

WaKatikati (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila mara naona humu mtu anauliza: nina ghala la zamani kijijini, nibomoe nijenge, au nilikarabati niishi? Na kila mara majibu yanakuja mafupi: bomoa. Mimi sikubomoa. Niko Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na tangu Agosti mwaka jana mimi, mke wangu na watoto watatu tunalala ndani ya stoo aliyoijenga babu kwa ajili ya kahawa. Nimeamua kuandika yote, na makosa yangu yamo.

Nilifikaje hapo? Kwa mila zetu Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, na wa kwanza hutengewa chake mapema. Mimi ni wa katikati. Siku ya kugawa, mzee alinishika mkono akanishusha hadi chini ya migomba, akanionyesha stoo. "Hii ilitulisha wote. Itakulaza na wewe." Basi. Sikuwa na neno.

Babu aliijenga miaka ya 50, kahawa ilipokuwa na bei na chama cha msingi kilipokuwa kinapeleka mzigo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Ina urefu wa mita 14 na upana wa mita 6. Kuta ni za mawe, unene sentimita 40, zimeungwa kwa udongo na chokaa, hakuna saruji ndani yake. Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, ni za mbao za mkulo. Ukikata kipande leo bado kinatoa harufu ya kafuri. Bati lilikuwa limekwisha. Madirisha manne madogo, yote juu karibu na paa, na mlango mmoja mpana wa kupitisha mkokoteni. Ukiingia mchana wa saa saba ulihitaji tochi.

Ghala lile babu alilijenga vizuri sana, kwa kazi yake. Kahawa ya maganda ikishakauka haitaki jua, haitaki unyevu, wala haitaki watu wanaoingia na kutoka. Mwanadamu anataka mwanga na hewa, anapika, anaoga, anapumua usiku kucha. Kwa hiyo karibu kila kitu kinacholifanya jengo liwe ghala zuri kinalifanya liwe nyumba mbaya, na huwezi kulirekebisha kabla hujaelewa kwa nini mjenzi alifanya alivyofanya.

Mfano mmoja. Tulipohamisha takataka tulikuta chaga nyingi za mbao, zile za kupangia magunia yasiguse sakafu. Mama akasema babu alikuwa mkali sana kuhusu chaga, na gunia halikuruhusiwa kuegemea ukuta hata siku moja. Nikachukulia kama habari ya kumkumbuka mzee. Kumbe babu alikuwa ananieleza kwamba sakafu inapandisha maji na ukuta nao unanyonya. Ningemsikiliza siku ile ningeokoa fedha.

Fundi wangu wa kwanza alitaka tuanze na madirisha, maana ndiyo yanayoonekana. Nashukuru fedha haikutosha wakati ule. Ilikuwa Februari, masika yakaja, nikalazimika kusubiri. Miezi mitatu ile ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa napanda kila Jumamosi na daftari. Kwenye kila ufa niliweka alama ya penseli mwanzo na mwisho, na tarehe, nione kama unatembea. Sakafuni nilibandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Nilipokibandua, chini yake kulikuwa na matone kama jasho. Kwenye kenchi nilipitisha bisibisi: mbao nzima inaikataa, iliyooza inaimeza. Kati ya kenchi saba, mbili tu ndizo zilizoimeza, na zote mbili kwenye ncha zinapokaa juu ya ukuta, pale bati lilipokuwa linavuja.

Kubwa zaidi, niliona maji yanatoka wapi. Sisi tuko mteremkoni. Maji ya mlima hayapiti juu ya ardhi tu, yanatembea chini yake. Ukuta wa upande wa juu ulikuwa umezikwa karibu nusu mita kwa udongo ulioshuka miaka yote hiyo. Halafu paa halikuwa na gata. Pigeni hesabu: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa langu pamoja na kibaraza cha bati ni kama mita za mraba 105. Mvua ya milimita 30, ambayo huku mwezi wa nne si ajabu, ni lita 3,150 zinazomwagwa miguuni mwa ukuta uliojengwa kwa udongo. Msimu baada ya msimu, tangu babu.

Nitaendelea na kazi yenyewe baadaye. Karibuni maswali.

FundiUsaRiver

Hongera mkuu, kazi ya kizalendo. Ila ukuta wa udongo na chokaa mimi siuamini. Piga lipu nzito ya saruji ndani na nje, changanya na dawa ya kuzuia maji, umemaliza. Nimefanya nyumba nyingi hivyo.

WaKatikati

Fundi, nakuheshimu, na kwa tofali za bloku sina ubishi na wewe. Kwa ukuta huu nilifanya hivyohivyo unavyosema, upande mmoja, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Ukuta wa namna hii unaingiza unyevu kutoka chini na unautoa kwa kupumua. Ukiufunga kwa saruji, maji yanaendelea kuingia lakini hayana pa kutokea. Miezi mitano tu lipu ikaanza kutoa sauti ya utupu ukiigonga, chumvi nyeupe ikatokea, kisha ikadondoka vipande vipande, na kila kipande kikaondoka na udongo wa katikati ya mawe.

Tuliibandua yote. Tukarudi kwenye chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliochekechwa, tabaka tatu nyembamba, na kila tabaka linaachwa lishike kabla ya linalofuata. Ni kazi ya polepole. Chokaa haitaki jua kali, inabidi ufunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Mvae miwani na glovu, chokaa mbichi inaunguza macho. Ndani tumepaka chokaa nyeupe ileile, hakuna rangi ya mafuta popote kwenye kuta za mawe.

Lakini hata chokaa isingesaidia kama maji yasingeondolewa kwanza. Tuliutoa ule udongo uliozika ukuta. Mita moja na nusu kutoka ukutani, upande wa juu, tukachimba mtaro wa kina cha sentimita 80, tukalaza bomba lenye matundu, tukafukia kwa kokoto, ukatoka pembeni kwenda migombani. Tahadhari: usichimbe kwa kubanana na ukuta, na usishuke chini ya kitako cha msingi, utausomba msingi wenyewe. Tukafunga gata pande zote mbili, maji yanaingia tanki la lita 5,000. Kabla ya kuweka dirisha hata moja, ukuta ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

MamaKaratu

Mdogo wangu, nimesoma neno kwa neno. Sisi tuna ghala la mahindi la marehemu baba mkwe, la bloku, tunataka kijana wetu aanzie maisha hapo. Swali langu: harufu. Ukiingia kuna harufu ya dawa mpaka leo, na lina miaka minane halijawekwa gunia. Itaisha tukipaka rangi?

WaKatikati

Dada, shikamoo. Naomba swali lako lisomwe na kila mtu kwenye uzi huu, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Ghala la shamba ni mahali palipowekwa sumu kwa miaka mingi. Kwenye mahindi ni dawa za unga za kuzuia mdudu dumuzi na vidonge vya kufukizia. Kwetu kwenye kahawa ni dawa za shaba za magonjwa ya kutu ya majani na chulebuni, na zamani zile hata DDT, ambayo ikishaingia kwenye udongo inakaa miaka na miaka. Kona ya stoo yetu, pale babu alipokuwa anachanganyia dawa ya pampu, sakafu ilikuwa na doa la kijani-bluu lenye ukubwa wa meza. Kwenye rafu kulikuwa na makopo manne yenye kutu, lebo hazisomeki. Mtoto wangu mdogo ana miaka miwili. Anacheza sakafuni na kuweka kila kitu mdomoni. Nilikaa nje nikaangalia ile kona nikajiambia, hapa halali mtu mpaka nijue.

Rangi inaficha harufu kwa muda, dawa inabaki palepale. Tulichofanya: makopo hatukuyafungua, hatukuyachoma, hatukuyatupa shimoni. Niliuliza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yao yako Ngaramtoni, Arusha, pale watu wengi wanapopajua kwa jina la zamani la TPRI. Wao ndio wenye dhamana ya viuatilifu nchini na wana maabara. Anzia hapo, au kwa bwana shamba wa kata akuelekeze. Dada, kutoka Karatu si mbali.

Sakafu yote ya zamani tuliing'oa. Tulinyunyizia maji kwanza ili vumbi lisipae, waliofanya kazi walivaa barakoa na glovu na nguo walizoziacha palepale, na kona ile tulichimba tukaondoa na udongo wa chini yake. Juu tukapanga mawe, tukashindilia moramu, tukatandaza nailoni nzito iliyopanda kidogo ukutani, kisha jamvi la zege la sentimita 10. Nailoni inazuia unyevu usipande. Usiruhusu fundi aiache eti inaongeza gharama.

Vilevile darini kulikuwa na popo. Kinyesi cha popo na cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu, vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Lowesha, kusanya kwa koleo, funika pua.

MzaliwaUru

Mangi, mbona hujagusa la muhimu kuliko yote? Ukoo. Mimi nilitaka kufanya hivihivi, baba mdogo akaja na wazee, wakaniambia stoo ni ya familia na si yangu, na makaburi yako mita kumi kutoka hapo. Kazi ikafa.

WaKatikati

Pole sana ndugu yangu. Kwetu pia makaburi yapo karibu, babu na bibi, na masale, mmea wetu Wachaga wa kuwekea mipaka na kuombea msamaha, yamepandwa pembeni. Kugawiwa kwa mdomo kunatosha mpaka siku unapoleta lori la kwanza la mchanga. Hapo ndipo kila mtu anakumbuka kwamba naye aliwahi kubeba gunia humo ndani.

Mimi nilianza na kikao. Mzee aliita ndugu zake wawili, kaka yangu, mdogo wangu, na shangazi zetu. Nasisitiza shangazi, kwa sababu wengi tunawaruka, na wao ndio waliokuwa wakianika ile kahawa na kuichambua. Tukaufuata mpaka wa eneo kwa miguu, kutoka sale hadi sale. Tukaandika muhtasari, kila mtu akasaini, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Shangazi mkubwa aliomba jambo moja: mlango mpana usizibwe. Nikakubali, na nitawaambia ulivyokuwa.

Baada ya hapo, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, na inaweza kuandikwa majina ya mke na mume; yetu inafuatiliwa kwa majina yote mawili. Kama eneo lako limeshaingizwa kwenye mipango miji, na maeneo mengi ya kando ya Moshi na Arusha yanaingia, mambo ni mengine: utahitaji kibali cha ujenzi na ruhusa ya kubadili matumizi kutoka halmashauri. Uliza kabla hujanunua msumari.

Kwa suala lako la Uru, sijui wazee wako, ila kwetu mtu hapeleki barua. Anakwenda na sale mkononi. Likishapokewa, mazungumzo yanaanza upya.

MtanzaniaUingereza

Nachangia kidogo kutoka huku. Huku Uingereza kugeuza maghala ya shamba kuwa nyumba ni jambo la kawaida sana. England tangu 2014 kuna kanuni wanayoiita Class Q, inayomruhusu mwenye shamba kugeuza jengo la kilimo kuwa makazi bila kupitia maombi kamili ya mipango, ingawa bado anapeleka taarifa halmashauri na inapitia baadhi ya mambo. Sharti kubwa ni kwamba jengo liwe linaweza kugeuzwa. Mwaka 2016 mahakama ilikataa kesi ya ghala lililokuwa na nguzo na paa, na wazi kwa kiasi kikubwa pande tatu, ikasema kulifunga lote vile ni kujenga upya na si kugeuza. Na popo wa darini hapa wanalindwa na sheria, hugusi mpaka mtaalamu aje. Nauliza, wewe ulijuaje kwamba lako linafaa kugeuzwa?

WaKatikati

Asante sana mkuu. Huo mstari kati ya kugeuza na kujenga upya hata sisi tuuchore, japo hakuna mahakama inayotulazimisha.

Kipimo changu kilikuwa mambo matatu. Ukuta umesimama wima? Tulishusha timazi kila kona, ulioegemea zaidi ulikuwa na sentimita 2 kwa kimo cha mita 3. Nyufa zinatembea? Alama zangu za penseli zilikaa vilevile masika yote, isipokuwa ufa mmoja juu ya mlango. Kenchi zinabeba? Tano kati ya saba ndiyo. Kama majibu mawili kati ya hayo yangekuwa mabaya, ningebomoa na kutumia mawe yaleyale kujengea. Sipendi mtu asome uzi huu akang'ang'ania ghala linalomwangukia kwa sababu ya kumbukumbu.

Kilichokosekana ni kitu cha kuzifunga kuta pamoja kwa juu. Ghala lilikuwa na kuta nne zinazosimama kila mmoja peke yake. Tuliinua paa, tukamwaga ringi bimu ya zege yenye nondo nne za milimita 12 kuzunguka jengo lote, kisha kenchi zikafungwa juu yake. Huo ufa wa mlangoni haujasogea tena.

FundiUsaRiver

Hapo kwenye ringi nakuunga mkono asilimia mia. Na nimekuelewa kwenye chokaa, kuna nyumba moja niliyoifanya kwa mawe ya zamani kule Nkoaranga, lipu ilitoka hivyohivyo na nililaumu mchanga. Sasa madirisha ulitoboaje bila kuangusha ukuta?

WaKatikati

Fundi, umenipa moyo kwa kusema hivyo.

Madirisha tulitoboa moja moja. Kwanza mirunda ndani na nje, na vipande vya mbao ngumu vilivyopitishwa katikati ya ukuta kubeba mawe ya juu. Halafu tundu la lenta tu, ile boriti ya zege ya juu ya dirisha, lenta inamwagwa, inakaa siku zake, ndipo mawe ya chini yanatolewa. Lenta inaingia ukutani sentimita 20 kila upande. Hatukugusa dirisha la pili mpaka la kwanza lishike, na hakuna lililo karibu na kona kwa chini ya mita moja. Madirisha matano yalichukua wiki saba. Wakati ule nilikuwa nalipia chumba Moshi mjini na kila wiki iliniuma.

Kipimo kinachotumika sana ni eneo la madirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Kwa mita za mraba 84 za nje, ndani kwangu zinabaki kama 69, kwa hiyo nilihitaji karibu mita 7 za dirisha. Matano mapya yalinipa 6. Yale manne madogo ya babu, kule juu, nilitaka kuyaziba. Mke wangu akakataa. Leo ndiyo yanayotoa joto lote la chini ya bati, tumeweka wavu wa kuzuia mbu na popo. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka, tunayafunga kwa vibao.

Sasa ule mlango mpana. Upana wake ni mita 2.4. Tumeuacha kama ulivyo, tumeweka fremu ya mbao na vioo, na mbao za mlango wa zamani zimekuwa meza ya kulia. Unatazama mashariki. Saa moja asubuhi jua linaingia hadi ukuta wa nyuma, mahali ambapo tangu jengo lijengwe halikuwahi kufika. Shangazi alipokuja Krismasi alisimama pale katikati muda mrefu hajaongea, halafu akaenda kwenye kona waliyokuwa wanashonea magunia, akakaa. Watoto wakamletea chai palepale.

MamaKaratu

Nimetokwa na machozi. Gharama je? Na choo?

WaKatikati

Kwangu imefika kama milioni 34, na hiyo ni pamoja na lile kosa la lipu ya saruji. Mawe, kenchi tano na kazi ya mikono ya ndugu havimo. Karibu theluthi ya fedha iko chini ya ardhi na juu ya kichwa: mtaro, sakafu, ringi, bati. Mgeni akija haoni hata kimoja.

Choo na bafu sikuviweka katikati ya jengo. Nimejenga kiungo kidogo cha bloku nyuma, upande wa chini, ili mvuke na maji viwe mbali na kuta za mawe, na karo liko chini zaidi ya mteremko, mbali na mfongo, yaani mfereji wa asili ambao majirani wanamwagilia. Jiko nalo liko huko. Umeme afanye fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kwenye mawe nyaya zinapita ndani ya bomba juu ya ukuta, tusichimbe mifereji kwenye chokaa.

Watoto wakubwa wawili wanalala kwenye dari ya mbao tuliyoijenga upande mmoja. Hapo sikubali mzaha: dari ina dirisha lake linalofunguka na ngazi ya nje. Kama moto ukitokea chini, wasitegemee ngazi moja ya ndani.

MamaKaratu

Mdogo wangu, baba watoto anauliza kama ungeweza kupita kuona letu kabla hatujaanza. Nauli juu yetu.

WaKatikati

Dada, Jumamosi hii siwezi, mtoto wa dada yangu anapata kipaimara. Ile inayofuata nakuja. Kabla ya hapo mfanye mambo mawili: mbandike nailoni sakafuni Alhamisi, nitaibandua mwenyewe, na msifungue kopo lolote lililobaki mle ndani. Timazi na bisibisi nitabeba. Kama kijana atakuwepo itakuwa vizuri zaidi, yeye ndiye atakayelala humo.